Chai ya Mhubiri

Mhubiri kijana wa kutoka Marekani alikuwa na mikono mirefu isiyojua pa kukaa. Akiongea aliiweka mfukoni, akaitoa, akashika kofia, akaiacha. Kila Jumamosi alikuja na baiskeli kwenye kambi ya vibarua wa shamba moja nje ya Nakuru, akaketi kwa Wangare, mama mmoja wa Kikuyu, na akiwekewa chai alisema, "Asante sana mama, nimeshiba." Kumbe dini yake ilimkataza majani ya chai, ila aliona haya kusema, asije akaonekana anadharau nyumba ya mtu. Akishaondoka, Wangare alikuwa anamwaga hiyo chai nje, majirani wakiona.

Na ile ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikiwasaka waasi, Mkikuyu anashukiwa hata akikohoa. Basi Jumamosi moja, mhubiri akiwa ameketi, nyapara alisimama mlangoni, akakiona kikombe kimejaa. "Wewe mama, mbona huyu mzungu hanywi kwako? Umemtilia nini? Bwana akisikia, leo unalala jela."

Mhubiri alipauka, mikono ikatafuta kofia ambayo ilikuwa kichwani. Halafu ikakishika kikombe, yote miwili, akatoka nacho mpaka uani penye watu. Alikunywa amefumba macho, kikombe kikimgonga meno, mpaka kikaisha. Akamgeukia Wangare, akamnyooshea kikombe.

"Mama," akasema, "niongeze."