Salamu za Mama Masalu

Kila asubuhi Teodora hupanga kadi mezani, na kwenye kila kadi yupo mama yake. Amesimama shambani kwake Magu, ungo wa maua ya rozela mikononi, anacheka. Chini wameandika: Mama Masalu ndiye anayekulimia juisi hii. Analipwa bei ya haki.

Na si uongo, jamani. Hoteli yetu ni ndogo, vyumba vichache tu ufukweni huku Ilemela, lakini bosi wetu, Nathaniel, hanunui kwa madalali. Kahawa, asali, rozela, vyote anavifuata kwa mkulima mwenyewe, wanakubaliana bei, na mtoto wa shule haruhusiwi kuchuma. Wageni wanapenda hayo. Wanakunywa huku wanaangalia picha, halafu Teodora anawaambia, "Huyo ni mama yangu mzazi." Hapo wengi huagiza glasi ya pili.

Shida ni kwamba Mama Masalu alifariki wakati wa masika. Presha. Mimi Dorcas, mpishi wa hapa, nilikwenda msibani na ndimi niliyesonga ugali wa waombolezaji. Nathaniel naye alikuja, akasema kadi ataziondoa. Teodora akamjibu, "Ziache tu, bosi. Shamba sasa analima kaka." Alisema kwa sauti ile ile anayoniulizia chumvi.

Hakulia. Si siku ya mazishi, si kwenye matanga. Shangazi zake walimsema kwamba ana macho makavu, nami nikawajibu vibaya, maana mdomo wangu hauna kufuli. Lakini moyoni niliogopa. Alirudi kazini anafagia, anapanga, anawachekea wageni, na ndani hamna mtu. Siku moja nilimpa makusudi uji usio na sukari. Akaunywa wote, akashukuru. Nilikasirika, nikaenda kumenya viazi ambavyo hata havikuhitajika.

Kilichonichoma zaidi ni salamu. Wageni wakiondoka husema, "Msalimie mama." Yeye anajibu, "Zimefika." Kila siku zimefika, zimefika. Nikamshika mkono nikamwambia, "Wewe mtoto, zinafika wapi? Utakuja kuugua. Sema basi, hata kwangu tu."

"Sisikii kitu, dada," akasema. "Niseme nini?"

Juzi akaja Mwalimu Okwach, mstaafu wa Musoma, ambaye hulala kwetu kila anapokuja kliniki ya macho. Ni mtu wa utani, na amemzoea sana Teodora. Nilikuwa kwenye dirisha la jikoni, nawasikia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti. Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Basi safari hii situmi salamu. Kesho mwanangu ananirudisha kwa gari na tutapita Magu. Nataka nimwone mwenyewe, anitembeze hilo shamba, kabla macho haya hayajanitoroka."

Teodora alikuwa anamimina juisi. Akaliweka jagi chini.

"Hutamkuta, mwalimu."

"Kwani amesafiri?"

Teodora akaigeuza kadi, picha ikalala chini, kisha akaigeuza tena. Mimi nilikuwa nimeshika sahani yenye povu, nikabaki nayo hivyo hivyo.

"Tulimzika," akasema. "Mama tulimzika mwezi wa nne."

Mzee akasimama, akavua kofia, akaushika mkono wake kwa mikono miwili. "Pole sana, binti yangu," akasema. "Pole sana." Hakuongeza neno, na mimi nikamshukuru kwa hilo, maana wasomi wetu kwa hotuba hawajambo.

Teodora akaja jikoni na sinia tupu. Akasimama mbele yangu kama mtu aliyetumwa kutoka mbali kuleta habari.

"Dada Dorcas," akasema, "mama amekufa."

Mimi niliyetupa udongo kaburini kwa mkono wangu huu, nikazima jiko, nikamvutia kreti ya soda akae.

"Jamani, Teodora. Pole, mdogo wangu. Lini?"

Akaketi, akaanza kunieleza tangu mwanzo, huku analia.