Skafu Iliyolala Pande Mbili

Nichekeni, lakini polepole, maana aibu yangu ni ya Jumapili hii tu. Mama Pasta wa kanisa letu la Greyville, hapa Durban, alitangaza kwamba kijana atakayefuma skafu nzuri ya mistari ya mshazari, ile inayovutika kama mpira, atapata nafasi ya mwisho ya kambi ya vijana kule Bluff, ufukweni. Mimi sindano za kufumia naziogopa kuliko hesabu. Mama akanifumia nusu, akasema, "Ingine umalize mwenyewe, mvivu wewe!" Nikaikimbiza saluni kwa Dada Neema, akaimalizia.

Kumbe mama anafuma kwa mkono wa kushoto. Mistari yake ililalia kushoto, ya Neema kulia. Nilipomkabidhi skafu, Mama Pasta akashangaa.

"Nimebuni mwenyewe," nikajitapa. "Hawa wengine wamefuma kamba za mbuzi."

Eish, alivyofurahi! Akanisimamisha mbele ya kanisa, akamwita mama aje aone kipaji cha mwanawe.

Mama akaivuta skafu, akakunja uso, akasema kwenye maikrofoni, "Nusu yangu iko sawa. Hii ingine, nani ameiharibu?"

Dada Neema akainuka kwenye kwaya. "Nani ameharibu, Mama? Hiyo nimeifuma mimi!"