Kichwa cha Mbasa

Harufu ya mbasa aliyebanikwa haifichiki. Mfunge kwenye majani ya mgomba, mtie kwenye ndoo, funika na mfuniko, bado jirani aliyeko shambani atainua uso aulize nani kaleta samaki. Juzi mjukuu wangu Atupele alirudi kutoka Kyela na ndoo ya namna hiyo. Alipoifungua nilikuwa namenya ndizi. Kisu kikasimama. Nikajiona nina miaka minane, niko nyuma ya mlango wa jiko la mama yangu kule Masoko, vidole vimelowa mafuta ya samaki.

"Bibi, tumkaange?" Atupele akauliza.

"Umkaange nani? Weka hicho kikaango chini."

Nyie mnaosoma, nisikilizeni, maana siku hizi kila kitu mnakitumbukiza kwenye mafuta. Mbasa ana mafuta yake, hakuomba ya dukani. Magege kaanga, sikukatazi. Usipa kausha, kaanga, fanya utakavyo. Lakini mbasa aliyepitia moshi anaoshwa kwa maji ya vuguvugu, anatandikiwa jani la mgomba ndani ya chungu, anawekewa chumvi, nyanya mbili na ndimu kidogo, basi. Moto wa pole. Ukisikia chungu kinapiga kelele, umeshaharibu. Chungu cha mbasa kinanong'ona.

Hayo nilifundishwa na mama. Yeye alizaliwa Matema, ziwani, akaolewa huku juu kwetu kwenye migomba na baridi. Mara moja moja kaka yake alipanda kutoka ziwani na kikapu, na siku hiyo mama alikuwa mtu mwingine. Aliongea peke yake jikoni, akamsifu samaki kama mtu anavyomsifu ng'ombe wake. Alisema mtu wa ziwani haanzii mgongoni kula samaki. Anaanzia kichwani, kwenye mashavu, halafu ule mnofu laini nyuma ya jicho, halafu ananyonya mifupa mpaka iwe mikavu. Alisema hivyo, lakini sikuwahi kumwona akila kichwa. Kwetu kichwa kilikuwa cha babu, mzaa baba.

Na hapa lazima niwaeleze jambo, maana vijana hamlijui. Kwetu zamani mke wa mtu hakuonana na baba mkwe wake. Si ugomvi, ni heshima. Akimwona njiani anaingia migombani, anajifunika, anageuza uso mpaka mzee apite. Hasemi naye, wala sauti yake isisikike. Mzee naye ana wajibu wake. Babu alikuwa akija kwetu anakohoa tangu kwenye mibuni, ili mama apate pa kujiweka. Kwa hiyo mdomo wao wote wawili nilikuwa mimi. "Mwambie mama yako chumvi imezidi." "Mwambie babu yako kuni zimekwisha." Nilikuwa na safari nyingi kuliko tarishi wa bomani.

Na mimi ndiye niliyebeba kichwa. Kila mbasa alipoiva, nilikipeleka kwa babu kimefunikwa jani, nikakaa kando nikimsikiliza anavyonyonya. Mtoto anayesikia utamu asioupata ni mtoto wa hatari. Hilo nalisema sasa.

Siku ile mjomba alikuwa ameshaondoka, baba yuko shambani, na mama akaniachia chungu. "Angalia moto, naenda kukata majani." Nikaangalia moto. Nikaangalia na chungu. Nikafunua kidogo ili nione kama kinanong'ona. Nikatoa shavu moja tu. Halafu nikafikiri, samaki akilala upande mmoja, upande wa chini nani anauona? Nikageuza, nikatoa la pili. Wenzangu, kichwa kilichoiva hakichezewi. Kiliachana chote mkononi mwangu. Nikakila hivyohivyo nyuma ya mlango, nimesimama, sikio liko nje, ulimi unaungua. Mifupa nikaifukia kwenye majivu.

Mama akarudi na mvua. Mnaijua mvua ya huku, haibishi hodi. Alikuwa hata hajatua majani tuliposikia miguu ya mtu uani. Ni babu, anakimbia mvua. Labda alikohoa, labda hakukohoa, mvua ilikuwa inapiga migomba kiasi cha kutosikia hata ng'ombe. Aliingia upenuni kwetu, akasimama mlangoni palepale, akatugeuzia mgongo kama heshima inavyotaka. Mama akajitupa nyuma ya tenga kubwa la mahindi, akajifunika kanga mpaka kichwani.

Jiko lilikuwa na mlango mmoja.

Moshi nao ulikuwa na mlango huohuo, na mvua iliurudisha ndani. Ukashuka mpaka magotini. Mimi nilikohoa nilivyotaka. Mama hakukohoa, maana kikohozi nacho ni sauti. Niliona mabega yake yanaruka chini ya kanga, na mkono mmoja umeshika mdomo.

"Mjukuu wangu," babu akaiambia mvua, "humo ndani nasikia harufu ya ndugu yangu."

"Ndiyo, babu."

"Basi mlete hapahapa tusalimiane. Mvua imenifunga."

Nikamtazama mama. Akanionyesha sahani kwa kidole. Nikapakua. Upawa ukazunguka chungu kizima, ukaleta mgongo, ukaleta mkia. Mama alikuwa ananiangalia. Nikafunika jani upesi, nikampelekea babu.

Akafunua.

"Huyu alizaliwa bila kichwa?"

Nikatazama vidole vya miguu yangu.

"Nakuuliza wewe. Kichwa kiko wapi?"

"Sijui, babu. Mama ndiye kapika."

Mama ndiye kapika. Wala si uongo. Ndiyo maana yalitoka kwa urahisi hivyo. Nilijua babu hawezi kumuuliza, na nilijua yeye hawezi kujibu. Mtoto wa miaka minane, nilijua kabisa.

Babu akacheka, kicheko kisicho kizuri. "Aa. Mtoto wa ziwani. Kichwa kimemshinda." Kisha akapaza sauti ili ipite mlangoni. "Waliomlea walisahau kumwambia kichwa ni cha nani. Basi arudi akaambiwe."

Akaiweka sahani kizingitini bila kuonja. Mvua ikawa inadondokea ndani yake, mafuta yanaelea.

Ile mvua sijui ilinyesha muda gani. Mimi naona ilikuwa mwaka mzima. Babu hakuweza kuondoka kwa sababu ya mvua. Mama hakuweza kutoka kwa sababu ya babu. Mimi nilikuwa na miguu na nilikuwa na mdomo ulioruhusiwa, na mimi ndiye niliyenaswa kuliko wote. Neno moja tu, "ni mimi", lingetosha. Nilifungua kinywa mara mbili. Mara zote mbili nikameza moshi.

Mvua ilipopungua babu akaenda. Mama akatoka nyuma ya tenga, macho mekundu, akainama kukoroga moto. Alikaa ameinama pale muda mrefu.

Baba aliporudi alishaambiwa njiani na babu. Kesho yake mama akafunga nguo, akashuka Matema kwa miguu, mke aliyerudishwa akafunzwe adabu. Jirani akawa ananipikia. Kila nikiiweka ndizi mdomoni inageuka pamba. Watoto wenzangu wakaniimbia kisimani, "Mama yake kala kichwa, mama yake kala kichwa." Nami nikabeba maji yangu kimya. Nilihesabu migomba ya njiani ili nisifikiri.

Alirudi siku ya nane. Ana jogoo kwapani na mbasa kichwani, vya kuomba radhi, miguu imevimba. Akapika. Kichwa nikakipeleka mimi mwenyewe. Babu akanyonya mpaka mfupa wa mwisho, akajifuta, akasema, "Sasa amefundishwa. Ndaga, asante." Yakaisha.

Nikadhani yamekwisha kweli. Nikadhani mama hajui, na kama anajua, basi mila imemfunga mdomo. Nikaishukuru mila.

Nikakua, nikaolewa Kyimo, nikapata baba mkwe wangu wa kumkwepa. Mwezi wa kwanza akasingizia kwamba namnyima maziwa. Nikamwambia mume wangu, mume wangu akamwambia baba yake, na siku ya pili mzee akaniletea boga zima. Ilikuwa rahisi hivyo. Nikakaa chini na lile boga mapajani. Mama alikuwa na mume. Angemwambia baba neno moja tu, nalo lingefika kwa babu. Kwa nini alishuka Matema?

Sikumuuliza. Mbombo ngafu, tunasema sisi, kazi ni ngumu, na ile ya kumuuliza mama ilinishinda miaka na miaka. Babu alikufa, baba alikufa, mama akazeeka nikamchukua kwangu. Siku moja nikapata mbasa mzuri, nikampikia kama alivyonifundisha, nikamwekea kichwa mbele yake. Sasa kilikuwa chake. Akakitazama. Akatoa shavu moja kwa vidole, akaliweka kwenye sahani yangu.

"Kula ukiwa umekaa hivyohivyo," akasema. "Siku ile ulikula umesimama nyuma ya mlango, hata ladha yake hukuisikia."

"Mama, kumbe ulijua?"

"Mifupa ilikuwa kwenye majivu yangu. Na ulimi ulikuuma siku mbili, ukidhani sioni."

"Sasa kwa nini hukumwambia baba?"

Akanyonya mfupa kwanza. Mama hakuwahi kuharakishwa na samaki.

"Wangekuita mwizi mpaka siku ya kuolewa," akasema. "Mimi nilikuwa na kwetu pa kurudi. Wewe ungerudi wapi?"

Akaendelea kula. Mimi ndiyo nikalia, mtu mzima na wajukuu.

Basi hiyo juzi Atupele akapika nilivyomwelekeza, chungu kikanong'ona vizuri. Akaniletea kichwa kimefunikwa jani, akageuka arudi jikoni akale makombo ya mkia.

"Wewe, unakwenda wapi? Fungua mlango huo, halafu kaa chini."

"Bibi, kichwa si chako?"

"Nimesema kaa."

Nikakipasua. Shavu moja kwangu, moja kwake. Akalitia mdomoni lote kwa pupa, akaanza kupuliza hewa na kupunga mkono, machozi yanamtoka.

"Subiri lipoe," nikamwambia. "Hakuna mtu anayekuja."