Albamu Isiyo na Sauti ya Nyanya

Wiki iliyopita mtunzi mmoja wa muziki wa filamu, mzee sasa, alitoa albamu mbili kwa mpigo. Huenda habari hiyo haikukufikia, maana haikuwa habari kubwa. Mimi ilinifikia ofisini hapa Embu mjini wakati wa chakula cha mchana, sahani ya githeri mbele yangu. Binamu yangu alinitumia wimbo tu, bila neno lolote. Nikaweka simu sikioni, filimbi ikaanza, na ile githeri niliikumbuka tena ilipokuwa imeshapoa.

Ulikuwa muziki wa filamu ya Jumapili jioni. Kama ulikulia upande wetu wa Runyenjes miaka ya televisheni za kutumia betri ya gari, utakuwa unaijua, hata kama jina lake limekutoka. Mama mmoja alikuwa akimtafuta mtoto wake aliyepotea sokoni, mji hadi mji, na kila Jumapili tulionyeshwa kipande kimoja, kisha tukaachwa tuteseke wiki nzima.

Albamu ya kwanza ina muziki huo kama ulivyopigwa zamani, ila umesafishwa. Ya pili ni muziki uleule uliopigwa upya na kundi kubwa lenye fidla na tarumbeta. Nikashuka chini kusoma maoni ya mashabiki, na hapo ndipo kazi yangu ya mchana ilipolala. Watu walikuwa wamegombana kweli. Mmoja aliandika, "Hii ya pili wameweka sukari mingi. Filimbi ilikuwa inatosha." Mwingine akamjibu kwamba masikio yake yamezeeka pamoja na redio yake. Mtu wa Kibugu alisema anachuma majani chai akisikiliza ile ya kwanza na mikono inamwenda vizuri, lakini ya pili inamfanya asimame katikati ya shamba kama aliyesahau alichofuata. Mimi mwenyewe naona ya pili ni kama nguo ya kuazima, inapendeza ila inabana kwapani.

Kisha nikafika kwenye maoni haya: "Hii sio ile. Ile original ilikuwa na shosho pale katikati, anakaribisha mgeni na kumuuliza mambo ya ng'ombe. Hiyo ndio ilikuwa best part. Mbona mlimtoa?"

Chini yake watu walikuwa wamemcheka sana, wakimuuliza ng'ombe gani tena. Mimi sikucheka. Shosho huyo ni nyanya yangu.

Ngoja nikueleze. Televisheni yenyewe ilikuwa ya mjomba, lakini ilikaa kwa nyanya, juu ya meza, imefunikwa kitambaa alichokishona yeye. Jumapili haikuchumwa kahawa, ila ng'ombe hajui Jumapili, kwa hivyo tulikata majani yake, tukachota maji, tukamaliza kila kitu kabla jua halijashuka. Majirani walianza kuja mmoja mmoja. Watoto tulioshwa miguu mlangoni kwenye karai, maana nyanya hakutaka matope kwenye simenti yake, na tulikaa chini juu ya magunia yenye harufu ya buni. Kulikuwa na nduma za kuchemsha na chai ya maziwa kwenye birika kubwa. Nje, mtu mmoja alishika mlingoti wa antena akiuzungusha polepole na kuuliza kama picha imeshika. Kila akiuachilia, picha ilikimbia.

Aliyeketi mbele kabisa alikuwa mwalimu wetu, Mmeru wa Mikinduri, aliyekuwa amepanga chumba pale kwa nyanya. Darasani alikuwa mkali, lakini filimbi ile ikilia alilainika mpaka sisi wanafunzi wake tukaona haya kumtazama. Ndiye aliyemwambia mjomba kwamba muziki kama huo haufai kupotea.

Basi siku ya kipande cha mwisho mjomba alinunua kaseti mpya, akaweka redio yake ya kurekodi juu ya kigoda, ikatazamana uso kwa uso na televisheni. Akatangaza sheria zake. Hakuna kukohoa, hakuna kutafuna, na jiko litolewe nje kwa sababu makaa yanalialia. Hata kuku walifungiwa mapema. Tukakaa kimya ambacho hata kanisani hatujawahi kukikaa.

Mwishoni kabisa yule mama wa filamu anafika kwenye nyumba aliyoambiwa mtoto wake yumo. Muziki unashuka, unashuka, mpaka inabaki sauti moja tu nzito ya chini, nayo inakatika. Anainua mkono abishe. Na hapo, nakuambia ukweli, ukafunguka mlango wetu. Alikuwa jirani wa ng'ambo ya mto, na gumbuti zake na koti lililolowa mvua, aliyekuwa ameshinda zizini na ng'ombe wake aliyekuwa na uchungu tangu asubuhi.

Sasa wewe unawajua wazee wetu. Nyanya alikuwa akisema kila mara kwamba mtu hasimami mlangoni kwake bila neno. Filamu au si filamu, kaseti au si kaseti, asingeweza. Akasema kwa Kiembu, taratibu, kwa sauti yake ile ya kushuka mwishoni:

"Ingia, baba. Keti, utapewa chai." Akakohoa kidogo. "Na yule ng'ombe amezaa?"

Jirani akafungua kinywa ajibu, na mjomba akamrukia akamziba mdomo kwa kiganja. Filimbi ikarudi, mama wa filamu akamkumbatia mtoto wake, watu wazima wakafuta machozi, na jirani wetu akatazama yote hayo akiwa amezibwa mdomo.

Mjomba alinuna siku nzima iliyofuata, akakataa hata chakula. Lakini filamu haikurudiwa tena, na kaseti aliyokuwa nayo ndiyo hiyo. Tukaisikiliza hivyohivyo. Msimu wa kahawa ilining'inizwa kwenye tawi pamoja na redio, na kaseti ilipofika pale pa nyanya wachumaji walimjibu kwa pamoja kwamba wameingia, iko wapi chai. Yeye mwenyewe alikuwa akichagua buni mbivu kutoka kwa mbichi, akijifanya hasikii. Majirani waliazima kaseti wakainakili. Mwalimu naye alikuwa ameshanakili ya kwake usiku uleule, maana shule zilikuwa zimefungwa, naye alihamishwa kurudi kwao akaondoka alfajiri. Hatukumwona tena.

Yetu ilichezwa mpaka ikakonda. Redio iliimeza, mjomba akaitoa na kuiunga kwa rangi ya kucha, ikamezwa tena. Nyumba ya nyanya ilipojengwa upya, kaseti na redio viliondoka na takataka. Wakati huo hakuna aliyejali, kwa sababu mwenye sauti alikuwepo, akitufokea tufunge mlango kuku wasiingie. Alikufa kabla simu za kurekodi hazijafika kijijini. Tuna picha yake ya kitambulisho na nyingine moja ya harusi ya mtu. Sauti hatuna. Mama yangu huniambia kwamba siku hizi akimkumbuka mamake hupata maneno, lakini sauti haiji. Anasema hivyo akiosha vyombo, bila kugeuka.

Kwa hivyo utaelewa kwa nini nilimwandikia yule mtu aliyechekwa. Nilimwambia mimi ni nani, na nikamwomba, kama kaseti ipo, niisikie mara moja tu. Jibu lilikuja kesho yake. Ni mfanyabiashara wa miraa Mikinduri, mtoto wa mwalimu wetu. Kaseti ilioza zamani, paa lilivuja juu ya sanduku. Nilifunga mlango wa choo cha ofisi nikalia kama niliyeletewa habari za msiba upya.

Nilipotoka nilikuta ujumbe mwingine. "Lakini si tunaijua kwa kichwa. Buda wangu hajawahi kufungulia mgeni mlango bila kuisema, na sisi tukaiga. Tulidhani ni ya kwa filamu. Ngoja nikusemee."

Halafu sauti yake. Sauti nene ya mwanamume wa huko kwao Tigania, Kiembu chake kimejaa Kimeru. Lakini alitua baada ya "baba" mahali palepale. Alishuka mwishoni alivyoshuka nyanya. Na kabla ya kumtaja ng'ombe akakohoa, kwa uangalifu kabisa, kwa sababu miaka yote aliamini kile kikohozi nacho kilitungwa na mtunzi.

Jumamosi nikapanda kwenda kwa mama. Nikamchezea ile sauti mezani, kati ya sufuria na vikombe. Akaomba nirudie, nikarudia, akavuta kiti akaketi.

"Kikohozi ni chake," akasema.

Tukakaa hapo tukizungumza yaliyokuwepo. Jirani wa ng'ambo ya mto alishatangulia, na shambani kwake kumejengwa vyumba vya kupangisha vyenye geti la chuma. Anayekuja kukuona siku hizi anapiga simu kwanza, halafu anapiga tena kusema yuko getini. Televisheni ya mama ni kubwa, imebandikwa ukutani, na anaitazama peke yake. Hakuna anayeweza kuingia katikati ya filamu ya mtu. Simlaumu mtunzi. Pale pa nyanya, kwenye albamu zake kuna kimya, kama alivyokusudia, na kwa mtu asiyetujua ni kimya kizuri tu. Mimi kinaniuma kila nikikifikia.

Tukiwa bado mezani, Mikinduri wakaandika tena. "Sister, samahani. Buda anauliza kitu, na amekuwa akiuliza tangu tukiwa wadogo. Huyo ng'ombe alizaa?"

Nilimsomea mama. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akanipokonya simu, akanilazimisha nimwonyeshe pa kubonyeza, na akaongea kwa Kiembu, kwa nguvu, kama anayemwita mtu wa ng'ambo ya mto. Alisema mwalimu aambiwe kwamba jirani alirudi nyumbani akamkuta ndama amesimama, jike, na kwamba asubuhi alimletea nyanya dang'a, yale maziwa ya kwanza, kwenye kibuyu, nasi watoto tukapewa. Alisema mwalimu akipita huku aingie, atapewa chai.

Halafu akakohoa kidogo, akamalizia, taratibu, sauti ikishuka: "Ng'ombe alizaa."

Nimeuhifadhi ujumbe huo kwenye simu. Mama hajui kwa nini nilimwomba akae pale kwa muda, aendelee kuongea, asiinuke kuosha vyombo.