Kiraka Chekundu

Yule bwana wa mikopo huja soko la Koboko kila Jumanne kwa pikipiki kutoka Arua, na kabla hajasalimia hufuta kioo cha simu kwa pindo la shati. Kazi yake ni kuwapiga picha wanawake wanaoomba mkopo, ili watu wa ng'ambo wawaone kwenye mtandao na kuwachangia, huyu kidogo, yule kidogo. Huongea chini chini kama aliye kanisani. Vidole vyake havitulii: hunyoosha kitenge cha mwombaji, tuseme jirani yangu Kiden, husogeza mafungu yake ya nyanya, kisha hunigeukia mimi muuza maharage. "Mama, leta gunia yako kidogo. Meza ya huyu iko tupu sana." Nami humpa lile gunia nililolishonea kiraka chekundu, maana hapa sokoni hatunyimani.

Jana hakufuta kioo. Alinionyesha picha tisa, wanawake tisa, na kiraka changu katika kila moja. "Mutu moja kule ameona," alisema. "Anauliza hii gunia iko ya nani. Kesho anakuja hapa na bosi yangu." Vidole vyake vilikuwa vimetulia kabisa, na hilo ndilo lililonitisha. Akapiga magoti, akatoa wembe, akaanza kukata nyuzi za kiraka moja moja. Maharage yakamwagika, hakuacha. "Wakiuliza, sema hii gunia si yako."

Nikaitazama meza yangu. Hapakuwa na gunia jingine; nikilikana hilo, sina changu hapa sokoni.