Nimeliandika, Silitamki

Tahajia ya jina la binti yangu ni kazi ya mkono wangu. Lakini tangu azaliwe sijamwita kwa jina hilo hata mara moja, na hapa pia siliandiki, maana wewe msomaji ukilisoma kwa sauti nitaona aibu mimi.

Kwao mke wangu, kijijini Kitangari kule Newala, mtoto ni wa upande wa mama, na jina hutolewa na mjomba. Mimi baba mtu, mzaliwa wa Lupaso ninayehangaikia maisha Masasi mjini, kazi yangu siku ile ilikuwa kukaa mkekani na kuitikia. Mjomba akakohoa, akatangaza kwamba mtoto anarithi jina la bibi yake mzaa mama. Vigelegele! Nikapiga makofi kuliko wote, viganja vikavimba kama maandazi.

Mke wangu akaninong'oneza, "Unashangilia, jina hilo utaliita wewe?"

Makofi yakaniishia mikononi. Jina la mkwe halitajwi. Ukilitaja umemvua nguo mbele za watu. Tangu nioe, namwamkia nimechuchumaa kwa mbali, macho chini, kiasi kwamba miguu yake naijua kuliko sura yake.

Mjomba akanipoza: "Shemeji, wewe ndiye msomi wetu. Utaliandika."

Hapo alinigusa. Nimehitimu shule ya usiku mimi, na cheti changu kimetundikwa juu kuliko picha ya harusi. Lakini jina lile linaanza na mlio wa puani, na nadhani waliopanga alfabeti hawakuwahi kufika Newala. Nilimaliza migongo ya kalenda nzima. Kila nikiandika, mke wangu anasoma kwa sauti na kucheka mpaka mtoto anaachia ziwa.

"Hilo jina la dawa ya mikorosho!"

Nafuta, naandika tena. Mwishowe hakucheka, akapitisha kidole juu ya herufi. "Hapo sasa. Hapo umemwandika mama."

Nilitamani kulisoma. Nikachana kipande hicho cha kalenda, nikakitia mfukoni.

Kliniki, Masasi, mke wangu alikuwa kwenye mizani na mtoto, mimi nikatumwa dirishani kumwandikisha. Muuguzi alikuwa mgeni kutoka mikoa ya Ziwa. Nikampa karatasi yangu, akasoma, jina likatoka limevunjika miguu.

"Ndivyo?"

Nikatikisa kichwa kukataa. Akarudia, likavunjika na mikono.

"Basi nisomee mwenyewe, baba."

"Siwezi, dada."

"Nani kaandika?"

"Mimi."

"Mtoto wa nani?"

"Wangu."

"Na hujui anaitwaje?"

Nusu ya Masasi ilikuwa kwenye foleni ile, na naapa nusu nyingine ilikuja mbio kunichungulia. Wakacheka mpaka mabati yakatikisika. Mama mmoja akanionea huruma: "Mwache, dada, hilo la mkwe wake." Akachungulia karatasi, akamtamkia muuguzi, vizuri kabisa, jina la mwanangu.

Muuguzi akaliandika, kisha akauliza taratibu, "Sasa utamwitaje?"

Nikapokea kadi, nikamfuata mke wangu kwenye mizani. Mtaani wote wananiita Baba Fulani, kwa jina hilohilo la mwanangu, nami nikiulizwa ni baba nani, nanyoosha kidole: "Baba wa yule pale." Nyumbani mtoto namwita mama, mkwe, mrembo, bosi. Haitikii hata moja. Nilijipa moyo kwamba akikua atanizoea.

Msimu wa korosho uliopita tulikuwa Kitangari. Mkwe alikuwa uani anachoma korosho juu ya kipande cha bati, mafuta ya maganda yanawaka na kurukaruka. Binti yangu, aliyejua kutambaa tu, akaelekea kwenye moto, na bibi yake alikuwa amempa mgongo.

"We! Mama! Mrembo! Mkwe!"

Aliyegeuka ni mkwe. Mtoto aliendelea kutambaa. Nikaruka, kandambili moja ikabaki hewani mpaka leo, nikamnyakua karibu kabisa na bati.

Nikachuchumaa naye kifuani, nahema, macho chini kama kawaida.

"Si ungemwita tu kwa jina, baba?" mkwe akasema. "Leo nimekuruhusu. Mwite."

Nikafungua mdomo. Herufi zote nilikuwa naziona, moja moja, kama zilivyo kwenye kalenda. Hazikutoka.

Mkwe akasubiri, kisha akalitamka yeye, polepole. Mtoto akageuka mikononi mwangu, akacheka, akamnyooshea bibi yake mikono.