Nyumba Inayotazama Bustani

Nakumbuka tuliokuwa barazani kwetu Barani, Malindi, siku ile ya miaka ya themanini: mimi, mdogo wangu Amina, shangazi yetu Bi Rukia aliyekuwa akisuka ukili wa mkeka, jirani yangu Salim, na mgeni wa Nairobi aliyekuja kununua nyumba ya Salim.

Nyumba ile, mwanangu, zamani ilikuwa yetu. Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la sita, nikawalea wadogo zangu humo, mbele yetu jaa la taka. Nzi walizidi, watoto wakawa hawaishi kuharisha. Nikamwomba Salim tubadilishane, kwani yake ilikuwa safu ya nyuma. Akakubali kwa huruma tu, tukaandikiana mbele ya wazee.

Haikupita miaka miwili, taka zikazolewa, pakapandwa miti, pakawekwa viti vya saruji na bembea. Jioni watu wakawa wanakuja kupunga upepo, na mkewe Salim akiwauzia viazi karai. Madalali nao wakaja. Nyumba zilizotazama bustani zikawa ghali kuliko zetu za nyuma, ingawa mawe ni yale yale na chokaa ni ile ile. Kijicho kikanishika. Nilifunga dirisha la upande ule nisisikie watoto wakicheka. Nikajiambia Salim amenidhulumu, na mimi ndiye niliyemwomba.

Kwetu, anayeuza humwambia jirani kwanza, na anayenunua humuuliza jirani. Salim alikuwa ameniambia, bei sikuiweza. Alitaka kununua shamba Sabaki, kando ya mto. Basi alipokwenda kwake kutafuta karatasi za nyumba, mgeni akaniuliza, "Kaka, hapa pakoje?"

"Mchana pazuri," nikasema. "Usiku wezi hulala humo bustanini. Na mvua ikinyesha, maji huingia mpaka vyumbani."

Amina akainamisha uso. Mgeni akaaga kwa adabu. Salim aliporudi na karatasi zake alikuta kiti kitupu.

Maneno yangu yakawafikia madalali, wakaacha kuja. Mwenye shamba naye alikuwa hangoji. Salim akanijia: "Wewe ni jirani, na ilikuwa yenu. Chukua kwa uwezo wako." Nikauza ya nyuma, nikaongeza kidogo, nikaichukua.

Bi Rukia hakuinua macho kwenye ukili wake. "Haya, baba, umeipata. Sasa utamtazama nani usoni?"

Kwa pesa zile Salim alipata kipande cha shamba juu mlimani, mbali na mto. Mkewe akawa anateka maji na kuyapandisha kichwani, asubuhi na jioni.

Ilinichukua miaka mingi kwenda kumwambia kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Pesa iliyopungua nitaipokea. Na maji aliyobeba marehemu mke wangu, je?"

Mwanangu, cha jirani kikipanda thamani, utaumia, nami sikwambii usiumie. Kaa na uchungu wako mpaka upoe, usiupe ulimi. Ukiulizwa habari ya nyumba yake sema ilivyo, hata kama itakupita. Na ukishamkosea mtu, nenda siku ile ile, wahusika wote wangali hai.

Mungu akujaalie nyumba yenye heri, na majirani utakaowaamkia bila kuinamisha uso. Mimi pesa za Salim nilimlipa zote. Maji ya yule mama bado nadaiwa.